Mwezi wa Kungoja Saumu

Jirani yangu Zan Tarawele hakuwahi kukataa jambo maishani mwake. Aliahirisha tu. Ukimwomba jembe, utalipata baada ya mavuno. Paa lililobomoka mwaka wa nzige alilitengeneza mwaka wa mafuriko, na kwetu huku, nje kidogo ya Segu, hiyo si miaka ya kufuatana.

Alimposa Nyeleni Jara, mjane anayeuza bagia za kunde gulioni kila Jumatatu, wakati pamba inachumwa. Harusi lini? "Mvua ikishapita." Mvua tatu zikapita. Ukoo wa Tarawele na ukoo wa Jara ni watani tangu mababu, kwa hiyo gulio zima lilipata la kucheka.

"Mla kunde wewe, bado tu?" Nyeleni humwuliza mbele ya wateja.

"Mla kunde ni wewe unayezipika! Subira yavuta heri, Jara."

"Yangu imevuta mvi."

Mwishowe ikapangwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi tunaouita Kungoja Saumu, maana saumu ikiingia hakuna wa kuoa. Jumatano alasiri wazee wakaanza kunong'ona kwamba mwezi huenda ukaandama jioni ile ile. Nyeleni akaja mwenyewe mpaka pale Zan anapofumia vitambaa, mkononi kikapu cha njugu za kola, ambazo kwetu zikipokelewa ndiyo posa na ndoa imekubaliwa.

"Kaka zangu wako msikitini na imamu. Nenda wakufungishe ndoa sasa, jua halijazama."

Zan hakuinua macho. "Nimebakiza kipande kidogo tu cha kitambaa chako cha harusi. Kesho si hii hapa?"

Jioni mwezi ukaandama. Alhamisi tuliamka tumefunga, na sifichi, nilimkasirikia.

Idi ilipokwisha, Zan alikwenda kwa Nyeleni mbio, jambo ambalo hatujapata kuliona, kitambaa begani na kola mpya mfukoni. Nyeleni akakipokea kitambaa, akakinyoosha, akakisifu kwa dhati. Kola akamrudishia.

"Mvua ikishapita, Tarawele."

"Mvua ipi?"

"Wewe ulipata kuniambia ipi?"

Akarudi kwenye kikaango chake, bagia zisije zikaungua.

Mwaka huo mvua ilichelewa hata kuanza. Kila asubuhi nikitoka na ndoo zangu namkuta Zan uani, uso ameuinua, anatafuta wingu.