Kete ya Sitini na Nne

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano pale Mbekenyera, nilimfunga bao mzee ambaye hakuwahi kufungwa na mtoto yeyote. Mpaka leo nikiukumbuka ushindi ule natamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba yangu alikuwa mwalimu, kahamishwa kutoka Tabora, na nyumba tuliyopewa ilipakana na ya Babu Kosmas, fundi seremala mstaafu wa misheni. Bao lake alilichonga mwenyewe. Kete zake zilikuwa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu, alizoletewa kutoka Lindi. Mimi sikuwa na babu karibu, na wajukuu zake yeye walikuwa Nachingwea, basi tukaokotana. Nikitoka shule, nikishaosha vyombo, navuka ua kwenda kibarazani kwake.

Alinifundisha taratibu, kama mtu anayepiga randa ubao. Kila mmoja ana safu mbili za mashimo manane manane. Unazoa kete za shimo moja, unazigawa mojamoja, na macho yako yawe kwenye ile ya mwisho. Ikiangukia penye kete, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo lina kete pia, umemla. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu si yako tena. Safu yako ya mbele ikibaki tupu, umefungwa, inuka. Babu hakuwa na haja ya kuhesabu kwa kidole. Alitupa jicho tu kwenye shimo, akajua kete yake ya mwisho itafikia wapi.

Kuhesabu kwa kidole kulikuja mwishoni. Kabla kete hazijaingia mfukoni, zilihesabiwa zote, na zilipaswa kuwa sitini na nne. Mkewe, Bibi Skolastika, ndiye aliyenieleza sababu, huku akipeta ufuta wake. Kete zikipungua, alisema, kuna mtu wa nyumba hiyo anaitwa, hatachukua muda ataondoka. Nilipomsimulia baba alicheka sana. Watu wanasali rozari kila jioni, eti mbegu ziwaambie nani atakufa! Nami nikacheka naye, maana watoto wa walimu tulijiona tuna akili kuliko kijiji kizima.

Sasa, mimi nilikuwa na domo. Nilikuwa nimewatangazia wenzangu darasani kwamba Babu Kosmas nimeshamfunga mara tatu. Uongo mtupu. Jumamosi moja wawili kati yao, Zuhura na Anjelina, wakaja kushuhudia, wakakaa ukingoni mwa kibaraza na miguu yao yenye vumbi. Mchezo ulipofika katikati niliona wazi nimekwisha. Babu alikuwa na shimo moja limejaa, kashalipigia hesabu kwa macho, akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, leo unalala mapema."

Kabla hajacheza akatoa ugoro wake, akavuta, akafumba macho ili apige chafya. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nasema wenyewe, lakini niliutuma mimi. Nikachomoa kete moja kutoka lile shimo lake na kuitia mdomoni, nikaibana shavuni.

Babu akazoa, akagawa. Kete yake ya mwisho ikakosa kufika kwa shimo moja, ikaangukia patupu, ikalala. Alibaki ameinamia bao, mkono bado uko hewani. Nikamla shimo zima, na zamu mbili baadaye safu yake ya mbele ikawa nyeupe. Zuhura na Anjelina wakapiga vigelegele. Babu akanipa mkono wa hongera, na mkono ule ulikuwa wa baridi.

Kisha akahesabu. Sitini na tatu. Akahesabu tena. Bibi akaacha ungo, akakung'uta mkeka, akafagia kibaraza chote, akapekua hata pindo za khanga yake. Hakuna aliyenishuku. Babu akanitazama, akaniuliza, "Umeiona, mjukuu wangu?"

Nikatikisa kichwa. Kusema nisingeweza, kete ilikuwa shavuni, ina ladha ya jasho la mikono yake.

Nilipanga kesho yake niidondoshe chini ya mkeka, yaishe. Lakini kesho yake, baada ya misa, Babu alikuwa ameshaungama kwa padri na ameshatuma ujumbe kwa watoto wake, walioko Nachingwea na walioko Ruangwa mjini. Alisema hajawahi kukosea hesabu tangu awe na akili zake, na siku aliyokosea ndiyo kete imepungua. Kwake yeye hizo zilikuwa dalili mbili za jambo moja, kwamba anayeitwa ni yeye. Watoto wakaja. Akagawa mikorosho, mti kwa mti, akamwachia kijana wake randa na misumeno. Nyumba ikajaa watu wanaomtunza mtu ambaye hata mafua hakuwa nayo. Nikaogopa. Jana lilikuwa kosa la mtoto, ningepigwa viboko viwili. Leo ilibidi nisimame mbele ya ukoo mzima.

Wiki tatu Babu alijiandaa kuondoka. Aliyeondoka ni Bibi Skolastika.

Alikuwa na maumivu ya kifua na kikohozi, tulikuja kuambiwa, tangu siku zile zile wageni walipoanza kufika. Hakumwambia mtu. Alipika, alichota maji, alitandika vitanda, akikohoa uani ili mumewe asisikie. Binti yake mkubwa, Dada Editha, alipomuuliza, alimjibu kwamba nyumba hii sasa hivi ina mgonjwa mmoja, wa pili hapana nafasi yake. Alipoanguka wakampakia kwenye gari hadi hospitali. Daktari akasema homa ya mapafu imeshakwenda mbali mno.

Msibani Babu aliniita, akanishika kichwa. Akaniambia, "Ilikuwa kete yake. Mimi nikajitengenezea safari yangu, yeye nisimwangalie." Nililia mpaka watu wakanisifu kwa mapenzi niliyokuwa nayo kwa Bibi.

Aliishi miaka tisa zaidi na hakucheza tena hata mara moja. Baba aliendelea kusema ni imani tu za watu wasiosoma. Nami nimesoma, najua mbegu haiui mtu. Lakini najua pia kwamba Bibi alinyamaza kwa sababu yangu, na hilo halihitaji uganga wowote kulielewa.

Mwaka jana, nikiwa nafanya kazi Nachingwea, Dada Editha alinitafuta. Ana mvi sasa. Alinifungulia kitambaa, ndani lipo bao lile na mfuko wake. Alisema marehemu baba yao aliagiza nipewe mimi, kwa kuwa ndiye mtoto pekee aliyewahi kumfunga. Tukahesabu pamoja, sitini na tatu. "Ile moja haikuonekana mpaka leo," alisema. "Ndiyo iliyomwita mama."

Ilikuwa kabatini kwangu, ndani ya kopo la pini, hatua kumi kutoka tulipokaa. Nikamshukuru kwa zawadi, nikaenda kumchemshia chai.

Siku ile ya kwanza nilikuwa na kete shavuni, na kwa miaka mingi nimejitetea kwamba ndiyo iliyonizuia kusema. Mbele ya Dada Editha mdomo wangu haukuwa na kitu.