Sufuria Kubwa la Halwa ya Nikaha Yangu

Bwana nilomfanyia kazi Malindi ya Unguja, miaka ile baada ya Mapinduzi, wote tukimwita ami, alikuwa na maradhi ya kununua kitu kimoja akasahau vinavyokwenda nacho. Kiwanda chake cha halwa kilikuwa chumba kimoja tu, lakini joto lake ungeweza kukaanga yai juu ya kipara cha mtu. Mie mkorogaji. Nilikoroga mpaka mkono wa kulia ukawa mnene kuliko paja.

Siku moja kaja na sufuria jipya la shaba, nyuma mahamali wanalilaani njia nzima. Kubwa hilo, ng'ombe angeoga humo na ndama wake.

"Sasa tutapika halwa mpaka Unguja nzima ing'oke meno," akasema.

"Ami, na miiko?" nikamuuliza.

"Si ipo."

"Ile mifupi? Nikitaka kufika chini ntie kichwa?"

"Tia. Hakina kazi nyengine."

Mwenzangu wa kukoroga akacheka mpaka akakaa chini. Nikauliza tena: na watu wa kukoroga, tutabaki wawili hawa hawa? Na vikapu? Maana halwa yetu tukiitia ingali moto kwenye vikapu vidogo vya ukindu, na alokuwa akitusukia ni bibi mmoja wa Ng'ambo, vidole vyake havijui haraka. Ami akasema mie napenda maneno. Nilitamani kulia, kwa sababu pishi la kwanza la sufuria lile lilikuwa la nikaha yangu mwenyewe.

Na mkwe wangu hakuwa mtu wa mchezo. Kanambia wazi: "Binti yangu nakupa kwa shingo upande, unanuka samli. Watu wangu wakikosa halwa msikitini, rudi kwenu na samli yako."

Siku ikafika, tukawasha moto. Kweli miiko haikufika chini. Halwa ikaanza kushika, nikakimbia bandarini kuazima makasia, tukafunga miiko kwenye makasia. Wawili hatukuweza. Ami mwenyewe akavua kanzu, akashika kasia, akawa anakoroga na kututukana, anatutukana na kukoroga, jasho linamtoka kama bomba lililopasuka. Halwa ikawiva, inang'ara, zafarani inanukia mpaka Forodhani.

Bibi akaleta vikapu. Vile vile vya kila siku.

"Bibi, mbona vichache?"

"Nani kanambia mna sufuria jipya? Mie nasuka, sipigi ramli."

Tukavijaza vyote, sufuria halikushtuka. Wakati tunabishana, halwa iliyobaki ikapoa, ikaganda humo humo. Alasiri ikaadhiniwa. Tukapandisha sufuria zima kwenye gari la hamali, nikalisukuma mpaka msikitini na kanzu yangu ya harusi, watoto nyuma wanaimba.

Mkwe kasimama mlangoni. "Hii nini?"

"Halwa."

"Umeniletea na jiko?"

Mjomba wa mkwe akachukua kisu, akakata pande, akaliweka kwenye sinia, akala. Akakata jengine. Watu wakajipanga. Mmoja akauliza kama kiwandani pia tunauza hivi, ya kukata, mtu achukue anachotaka bila kulipia kikapu. Mkwe akalamba vidole, akatazama pembeni, akasema: "Haya, mwiteni kadhi kabla hajaleta na kuni."

Nikaoa.

Asubuhi yake wateja wamejaa mlangoni, wanataka ya kukata. Ya kukata ikataka mizani na mtu wa kusimama nayo. Wateja wakawa wengi, tukapika kutwa, ikabidi waajiriwe wakorogaji wa kupokezana, na miiko mirefu ikachongwa. Vikapu vikabaki kwa wanaopeleka zawadi Dar, bibi akapata nafasi ya kuvitia rangi, na hivyo vya rangi watu wakavigombania. Kila kitu kikavuta mwenzake, na hapo ndipo lile sufuria likaanza kuwa na faida. Peke yake lilikuwa hodhi la maji tu.

Na ami? Anakaa barazani anawahadithia watu kuwa yote hayo aliyapanga tangu siku alonunua sufuria. Mipango, anasema, inataka akili.

Mke wangu ananambia ninyamaze, yeye si nshampata. Nnanyamaza. Lakini ile miiko mirefu kwa seremala niliiagiza mie.