Fidele na Kaseti ya Nkwenda

Mimi Immaculata si mtu wa kudanganywa kirahisi, na Ihembe nzima inajua. Basi mwaka 1998, alipotokea kijana mlangoni akasema yeye ni Fidele, mdogo wangu aliyepelekwa Uganda na mjomba akiwa na miaka kumi, mama alilia kwa furaha. Mimi nilimtazama viatu. Mama yetu, Nyirabageni, macho yalikuwa yameshaingia ukungu. Angemkumbatia hata mwizi wa mbuzi.

"Ana kovu la goti," mama akasema.

"Ihembe hii nani hana kovu la goti?"

Mchana uleule kijana akachukua kibuyu, akanimiminia lubisi, pombe yetu ya ndizi. Akaonja kwanza yeye, kama ilivyo desturi ya mwenyeji kuonyesha pombe haina sumu. Mwenyeji gani? Miaka kumi na minne hakuna barua, leo unanikaribisha kwetu! Nilipokea kwa mikono miwili, nikazunguka nyumba, nikaimwaga migombani.

Na Jumapili iliyokuwa inakuja mama alitaka kumkatia nusu ya kibanja, tena upande wa mibuni niliyoipalilia kwa mikono hii. Akiwa tapeli, shamba limekwenda, na mama sijui angeishije baada ya hapo. Niliogopa, nisiseme uongo.

Nikapata njia ya kumpima. Tulipokuwa watoto, padri wa parokia alikuwa na mashine ya michezo ya kuchomeka kwenye televisheni. Fidele alikuwa akimpelekea kuni, kwa hiyo aliyeruhusiwa kucheza ni yeye. Mimi nilikuwa mgeni wake. Tulipenda mchezo mmoja tu, wa kigari kinachokwepa mawe. Sasa Rwegoshora, mwenye banda la video pale Nkwenda, alikuwa ameleta mashine kama ile na kaseti yake mpya kutoka Kampala, eti ina michezo mia moja ya zamani. Siku ya soko nikamwambia huyo kijana twende.

Mia moja wapi! Ilikuwa minane, imerudiwarudiwa kwa majina mengine. Nikasema moyoni, yaleyale, jina hili na mtu mwingine. Lakini kigari chetu kilikuwemo, safari hii kimepakwa rangi nyekundu, na muziki wa kelele ambao kwa padri haukuwepo.

"Padri aliitwa nani?" nikamwuliza.

"Sikumbuki, dada."

"Mashine yake ilikuwa na rangi gani?"

"Dada, nilikuwa mtoto."

Ahaa! Nimekukamata, bwana.

Akashika kidude cha kuchezea. Kigari kina roho tatu, yaani kikigonga mara tatu mchezo umekwisha. Akacheza ya kwanza, tena vibaya, mpaka kikagonga jiwe. Nikadhani ataendelea. Akakifuta kidude kwa shati lake, akanipa kwa mikono miwili.

"Nimeonja, dada. Haina sumu."

Yesu wangu! Hivyo ndivyo Fidele alivyokuwa akinifanyia kwa padri, kila siku, na sikuwahi kumsimulia mtu yeyote, hata mama. Nililia mbele ya watu wa soko bila aibu. Roho mbili zilizobaki zikaishia kwenye mawe, kwa machozi sikuona hata jiwe moja.

Tuliporudi nyumbani nilichukua kibuyu mwenyewe, nikamimina, nikaonja, nikampa. Akanywa yote.

"Ile ya kwanza nilikuona ukiimwaga," akasema. "Hapo ndipo nikajua sijakosea nyumba. Wewe ni Immaculata."