Banda la Gari Lake

Mume wangu alilijengea gari lake banda kabla hajanijengea mimi jiko. Nilikuwa nikipika nje, nyuma ya nyumba yetu pale Lodwar, upepo ukinitilia mchanga kwenye sufuria, huku pikapu yake imelala chini ya mabati mapya, juu ya sakafu ya saruji. Siku aliyohamia Kakuma kwa mwanamke mwingine, aliondoka na pikapu na kuniachia agizo moja.

"Hilo banda lifagiwe. Nikija nataka pa kuweka gari."

Kuhusu watoto hakusema lolote.

Nililifagia. Madoa ya oili niliyasugua kwa majivu, na nikiwa nimepiga magoti pale ndipo nilipojua nitakachofanya.

Kabla sijaolewa nilikuwa nimejifunza useremala Kakuma, kwa fundi mmoja Mkongomani aliyekuwa na karakana kwenye kambi ya wakimbizi. Mume wangu alipoiona randa yangu mara ya kwanza alicheka, akasema watu watadhani ameoa mwanamume. Kisha nilipolazwa hospitali kujifungua mtoto wetu wa kwanza, akawagawia rafiki zake zana zangu zote. Nilirudi na mtoto mgongoni, nikakuta sanduku tupu. "Sasa una kitu cha kushika," akaniambia. Neno lile nililiweka moyoni.

Basi nikaenda Kakuma. Sikwenda kumtafuta yeye. Nilikwenda kwa fundi wangu, ambaye sasa kichwa chake kilikuwa cheupe kwa mvi. Alinisikiliza akinoa patasi.

"Mama, unatafuta kazi ao unatafuta kisasi?"

"Vyote viwili, fundi."

Akacheka kidogo. "Basi anza na meza ya kazi. Meza ikitetemeka, mukono nao utatetemeka. Isimike mu saruji."

Alinipa msumeno wake wa akiba, patasi, na jiliwa la kushikia mbao, lililoshika kutu lakini bado linabana vizuri. Randa nilijinunulia mwenyewe, nikauza beberu niliyepewa na mama.

Meza niliiunda kwa mathenge, mti ambao Turkana nzima inautukana kwa miiba yake na kwa kumeza mashamba. Ni mgumu kama roho yangu ilivyokuwa siku zile. Fundi mwenye akili zake angeiweka meza ukutani, karibu na mwanga. Mimi niliiweka katikati kabisa, pale pale pikapu ilipokuwa ikilala. Nilishika tindo na nyundo nikaivunja sakafu yake, nikachimba mashimo ya miguu minne, nikamimina saruji. Kila pigo nililifurahia. Baadaye nilikata madirisha kwenye mabati, kwa sababu kufika adhuhuri banda lilikuwa tanuri na nyundo ilichoma kiganja. Zana nikazitundika ukutani. Mwisho nikaung'oa ule mlango mpana wa gari, nikaziba pande zote mbili kwa mbao, nikaacha nafasi ya mtu mmoja aliyebeba ubao.

Alikuja wakati wa Pasaka. Nilisikia honi nje nikaendelea kupiga randa. Akapiga tena, akapiga mpaka majirani wakatoka. Bibi wa nyumba ya pili akamsalimia, "Ejok?" Hakuitikia.

Aliingia, akasimama akiitazama meza.

"Toa hiki kitu."

"Kitoe wewe."

Akaisukuma kwa mikono, kisha kwa bega. Shati lilimganda mgongoni kwa jasho. Meza haikusogea hata unywele. Mlangoni mtu akacheka, na mimi nikatamani wacheke wote.

"Hili banda nililijenga mimi!"

"Na watoto uliwazaa wewe. Mbona hujawaulizia?"

"Nitaenda kwa chifu."

"Nenda. Kiwanja ni cha mama yangu, na chifu anajua."

Pikapu ililala nje, juani. Mbuzi wa jirani wakapanda juu ya boneti, kwato zikikwaruza ile rangi aliyokuwa akiipangusa kwa kitambaa laini kila asubuhi. Niliwaona kupitia dirisha langu jipya. Sikuwafukuza. Kesho yake alirudi Kakuma bila kuniaga, na tangu hapo akija Lodwar hufikia kwa ndugu yake.

Watu walidhani moyo wangu ungetulia. Haukutulia. Nilitengeneza vitanda, milango, viti vya hoteli za mjini, na kila msumari niliupiga nikimfikiria yeye. Kazi ilikuwa nzuri hivyo hivyo.

Katekista wetu alikuja kuagiza mabenchi ya kanisa. Alikaa kwenye ukingo wa meza, akaniambia kwa upole, "Mama, umeshinda. Sasa msamehe."

"Mabenchi yatatangulia kuwa tayari," nikamwambia.

Yakawa tayari. Niliyasukuma mwenyewe kwa mkokoteni hadi kanisani, nikayapanga, na Jumapili nikaketi kwenye benchi la mbele kabisa, bado sijamsamehe.