Sala ya Kufungua Mkutano

Mama yangu aliwaombea baraka watu aliokuwa amekwenda kuwagombeza. Ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa mtaa wetu wa Kaloleni hapa Kisumu, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake nikisikia kila neno. Tangu siku hiyo nina hasira ambayo sijui niitue wapi. Nikimwangalia Mama naona haya kumkasirikia. Nikiwafikiria wale wageni waliokuja kwa habari ya benki, walisharudi kwao Nairobi, na hata sura zao zimeanza kunitoka.

Lakini nianze na nyumba, maana Mama hakuwa na haja na benki kwa kitu kingine chochote.

Baba alizikwa kwao Nyakach, ng'ambo kidogo ya Pap Onditi, nikiwa bado msichana mdogo. Nyumba ya udongo aliyomjengea Mama huko ilianguka mwaka mmoja wa mvua nyingi. Mama alikuwa anauza samaki wakavu sokoni na kunilea peke yake katika nyumba ya kupanga Kaloleni, na hakuwa na uwezo wa kuisimamisha tena. Sasa, kwetu Wajaluo, mwanamke aliyeolewa mahali pake ni katika dala ya mumewe, yaani boma lile, na katika boma hilo awe na nyumba yake. Akifa, mwili wake hulala humo usiku wa mwisho, kisha anazikwa kando ya nyumba hiyo. Asiye na nyumba, shemeji zake humsimamishia kibanda siku hiyohiyo, kwa miti mibichi na mabati ya kuazima, ili naye apate mlango wa kupitia. Mama alikuwa ameviona vibanda hivyo kwenye matanga ya wenzake wengi, na kila akirudi alikuwa ananiambia jambo moja: yeye hatapitishwa mlango ambao hajawahi kuufungua kwa mkono wake.

Basi alikuwa anajenga. Chumba, sebule, na kibaraza cha kukalia jioni. Msingi ulikuwa umeshachimbwa na mawe yameshapangwa. Mzee wa Kikalasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye anazungumza Kijaluo kuliko mimi, alikuwa amemtengea mabati ya rangi ya kijani na kumwambia asiwe na haraka. Pesa zenyewe zilikuwa katika benki moja ndogo mjini. Wenzake wa sokoni walimcheka kwa kuiamini benki kuliko kikundi chao cha akina mama, lakini Mama aliipenda benki ile. Ilikuwa na viti vya mto na feni. Askari wa mlangoni alikuwa anamwita "Mama yetu" na kumpokea kikapu. Kila akienda kuweka hela alivaa gauni la kanisani, na mimi nilikuwa namtania kwamba siku moja atatoa sadaka dirishani.

Asubuhi moja benki haikufunguliwa. Nilimsindikiza Mama, maana jirani alikuwa amekuja mbio kutuambia, na tulikuta watu wamejaa mpaka barabarani. Mlangoni palibandikwa tangazo kwamba benki sasa iko chini ya usimamizi na wateja wawe na subira. Askari wetu alikuwa bado amesimama palepale na kirungu chake.

"Mama yetu, pole," alimwambia Mama. "Hata mshahara yangu iko huko ndani."

Mama alimpa pole na yeye. Kisha akamuuliza kama amekunywa chai.

Wiki ile mji ulichemka. Kulikuwa na mabango, matawi na firimbi, na kila kibanda cha chai kilikuwa na mtaalamu wake wa mambo ya benki. Polepole tukaanza kuelewa kilichotokea. Wakubwa wa benki walikuwa wamejikopesha wenyewe, wao na marafiki zao, mikopo ambayo haikulipwa, na marafiki hao, watu walisema, ni watu ambao sura zao huwa zinabandikwa kwenye nguzo za stima wakati wa kampeni. Majina hayakutajwa. Halafu serikali ikatangaza kwamba itaiokoa benki kwa pesa za umma, ili uchumi usiyumbe.

Mama alifurahi sana. Alipiga magoti papo hapo jikoni akashukuru. Mimi ni mwalimu, na ualimu ni ugonjwa, sikuweza kumwacha na furaha yake. Nilimweleza kwamba pesa za umma ndizo zile ninazokatwa mshahara kabla sijauona, na ndizo anazolipa yeye kila akinunua sabuni na mafuta ya kupikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa bado na unga.

"Kwa hivyo mwizi anaibia mimi," akasema, "halafu mimi ndio nalipa fundi ya kutengeneza mlango yake?"

Nilitamani hata ningekosea.

Ndipo tuliposikia kwamba ujumbe wa serikali unakuja kutoka Nairobi kuchukua maoni ya wananchi, kwa sababu sheria inasema pesa za umma hazitumiki hivi hivi tu bila wananchi kuulizwa. Mama alichagua swali lake. Lilikuwa moja tu, na alilifanyia mazoezi siku zote hizo, akichambua maharagwe, akianika nguo. "Nani alikopa pesa yetu, na kwa nini jina yake imefichwa?" Wakati mwingine alilisema kwa upole, wakati mwingine kwa ukali, kisha ananigeukia kuniuliza ipi ni bora. Nilimwambia ya ukali. Sikumbuki mara nyingine nimewahi kujivunia mama yangu namna ile.

Siku yenyewe tulifika mapema akapata kiti mstari wa mbele. Alikuwa amevaa nguo yake nyeupe ya kanisani na kitambaa cheupe kichwani, kwa sababu kwake hapana nguo nyingine ya kwenda mbele ya wakubwa. Nadhani ni kile kitambaa kilichotuponza. Wageni waliingia, wakakaa kwenye meza yenye maji ya chupa na maua ya plastiki, na mwenyekiti wa mtaa akashika maikrofoni. Akaangaza macho ukumbini, na macho yake yakatua kwa Mama.

"Kabla hatujaanza, waheshimiwa, kwetu hapa hatuanzi kitu bila Mungu. Na leo tuko na bahati, tuko na mama yetu wa kanisa hapa mbele. Mama, karibu utuombee."

Asiyetoka kwetu atauliza kwa nini hakukataa. Hapa mtu hakatai kuomba. Kuombwa ufungue mkutano ni heshima ambayo wengine wanaisubiri miaka, na kuikataa mbele ya wageni ni kama kuwafungia mlango wa nyumba yako. Na ukishasimama kuomba huwezi kuomba vibaya. Huwezi kumwambia Mungu mbele ya mgeni kwamba mgeni huyu namshuku. Mama aliinuka, akaipokea maikrofoni, akafumba macho, na ile sauti iliyokuwa imefanyiwa mazoezi kwa ajili ya swali ikatoka kwa ajili ya sala.

Na aliomba kweli, Mama yangu. Aliwaombea waheshimiwa usalama barabarani. Aliwaombea watoto wao. Alimwomba Mungu awape hekima ya kumaliza kazi hii waliyoianza, na aibariki mikono yao. Watu walijibu amina kwa sauti iliyotikisa mabati ya ukumbi. Kiongozi wa ujumbe, mwanamume mmoja mwenye sauti laini na miwani ya ghali, alikuwa ameinamisha kichwa kuliko wote. Kando ya meza, kijana wa redio alikuwa amenyoosha kinasa sauti chake.

Ulipofika wakati wa maswali, Mama alinyoosha mkono kabla ya mtu yeyote. Mwenyekiti alimwona. Alimtabasamulia vizuri kabisa.

"Mama yetu ameshaongea, na ameongea na mkubwa kuliko sisi sote," akasema, na watu wakacheka. "Tupatie wengine nafasi."

Mama alishusha mkono. Aliuinua tena baadaye, mara ya pili ile akiuinua nusu tu, kama mtu anayesita kusimamisha gari ambalo huenda si lake. Mimi nilisimama kumsemea, nikaambiwa walimu wana siku yao, tuwaachie wananchi wa kawaida. Watu wakacheka tena. Nilikaa chini masikio yakiniwaka.

Swali lenyewe liliulizwa na Mzee wa mabati, maana mishahara ya wafanyakazi wake nayo ilikuwa imekwama humo. Aliuliza kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo, ni nani hao waliokopa. Yule wa miwani alimshukuru kwa swali zuri sana. Akaeleza kwamba uhusiano wa benki na mteja wake ni siri, na siri hiyo inamlinda hata Mzee mwenyewe, kwani je, angependa kila mtu Kisumu ajue ana kiasi gani? Mzee akasema ndiyo, hana neno, watangaze tu, na akopaye pesa za watu atangazwe naye. Watu walipiga makofi na miluzi. Yule wa miwani naye alipiga makofi. Kisha tukagawiwa soda na mkate, na magari yao yakaondoka.

Njiani nilimfokea Mama. Nasema wazi, nilimfokea barabarani watu wakiona.

"Umewabariki! Umewabariki mikono, Mama! Mikono ileile!"

"Nyara, ulitaka niombe nini?" alisema. Nyara, kwa Kijaluo, maana yake ni binti yangu. "Niombe gari yao ianguke? Mungu anaweza sikia."

Siku ya pili yake redio ya hapa ilitoa habari kwamba wakazi wa Kisumu wameupokea mpango wa kuiokoa benki, na chini ya maneno ya mtangazaji ikawekwa sauti ya Mama ikimwomba Mungu awape waheshimiwa hekima ya kumaliza kazi waliyoianza. Majirani walikuja kutuambia. Wengine walimpongeza kwa kutoka redioni. Mmoja, ambaye naye alikuwa na pesa zake humo, alisimama mlangoni akamtazama tu, kisha akaenda zake bila salamu. Nilipiga simu redio. Wakaniambia hawakubadilisha neno hata moja, na ilikuwa kweli.

Benki ilifunguliwa tena, ikiwa na rangi mpya ukutani na askari mpya mlangoni. Tulikwenda. Dada mmoja mpole sana alitueleza kwamba pesa za wateja kama Mama zimegeuzwa kuwa hisa, ili kuipa benki nguvu, na kwamba hisa hizo haziwezi kuuzwa kwa sasa.

"Hongera, Mama," alimwambia. "Sasa wewe ni mmoja wa wenye benki."

Mama alimuuliza kama mwenye benki anaweza kupata mabati. Yule dada aliinamisha macho kwenye meza. Sikumlaumu, alikuwa mdogo kwangu na pengine usiku hakulala vizuri. Nimlaumu nani basi? Niliandika barua kwa ofisi zote ninazozijua, nikajibiwa na moja, ikanielekeza kwa nyingine. Niliwaza kuchukua mkopo nijenge mwenyewe, lakini mshahara wangu ulikuwa tayari umebanwa na hospitali ya Mama, maana presha ilikuwa imempanda na mguu mmoja ulianza kuvimba. Na hata ningepata, mimi ni binti. Katika boma la baba yangu siwezi kusimamisha hata nguzo. Hilo nalo halina ofisi ya kulilalamikia.

Mwezi uliopita baba mdogo alikuja kutoka Nyakach kumjulia hali. Ni mtu mwema, sitaki afikiriwe vibaya. Alikaa nami nje, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nisiwe na wasiwasi, wameshakubaliana na wenzake. Ikitokea siku, miti ipo, mabati yataazimwa kanisani, na kwa asubuhi moja nyumba itakuwa imesimama. Kila mtu anafanya hivyo, akasema. Nilimshukuru. Ningemwambia nini?

Dirisha lilikuwa wazi. Alipoondoka niliingia nikamkuta Mama ameketi kitandani, amejifunga leso kiunoni kama anayejiandaa kwenda sokoni. Aliniita nikae karibu naye.

"Hapa Kisumu kuko na makaburi ya mji," alisema. "Si iko?"

Nilimwambia iko, lakini hayo ni ya watu wasio na kwao. Ya waliookotwa. Ya wageni ambao hakuna aliyekuja kuwauliza.

"Basi mnipeleke hapo."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nilimwambia baba mdogo atanilaani, ukoo mzima utanilaani, watasema nimemtupa mama yangu kama mbwa. Nilikuwa nalia. Yeye hakulia. Alinishika kiganja akawa anakisugua kwa kidole gumba, akangoja nimalize.

"Huko hakuna mlango," alisema. "Hakuna mtu atanipitisha mahali. Nyara, nimechoka kuuliza watu. Wewe utawaambia, ama niwaambie mimi?"

Bado anangoja nimjibu. Kila nikirudi kutoka shuleni ananitazama usoni kwanza, kisha ndipo anaitikia salamu.