Keki Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Mama Keki alikuwa na jibu la kila kitu, na asipokuwa na jibu jipya alikupa la jana. Jina hilo alilipata kwa jasho. Alianza na jiko la mkaa na sufuria kuukuu, akaoka keki zilizoungua upande mmoja ambazo mumewe alizila huku akizisifu, maskini, na meno yakimuuma. Siku hizi alikuwa na tanuri la gesi uani, krimu za kila rangi mezani, na sifa moja aliyoitunza kuliko mboni ya jicho: keki yake haijawahi kuanguka. Keki ya harusi ilisimama tangu asubuhi mpaka maharusi wakachoka kuitazama.

Basi miaka miwili hii krimu ilianza kumfanyia utani. Ua analolichora asubuhi, adhuhuri limekuwa tone. Mumewe alikuwa mshona makochi, mtu wa maneno machache kwa kuwa mdomo wake umejaa misumari tangu asubuhi hadi jioni. Siku moja akaitema yote ili aseme vizuri.

"Mke wangu, ni joto. Joto la siku hizi si lile."

"Joto ni joto," akasema Mama Keki. "Lilikuwepo baba yangu hajaota ndevu, na siagi ilikuwepo. Hili ni jicho la mtu."

Na jicho lenyewe alishalikamata. Lilikuwa la wifi yake, dada wa mume, aliyekuwa akimsaidia kubeba. Wifi mtu alikuwa na kosa moja tu: akiiona keki husema, "Lo, imependeza!" Kwa kosa hilo alivalishwa miwani nyeusi kila siku ya kazi, humo humo ndani ya nyumba, akawa anajigonga kwenye mlango wa uani mpaka majirani wakajua leo kuna keki. Aliivaa kwa ajili ya amani.

Sasa ikaja kazi kubwa. Ofisi ya mazingira ya mji iliandaa mkutano wa kuwaelimisha wananchi juu ya mabadiliko ya tabianchi, na katibu wa ofisi, bwana mmoja wa tai fupi na maneno marefu, akaagiza keki yenye umbo la dunia. Mgeni rasmi ndiye angeikata.

"Ikimpendeza, mama," katibu akamwambia, "keki zote za ofisi ni zako mwaka mzima."

Mwaka mzima! Mama Keki usingizi ulimpaa. Mambo ya tabianchi hakuyajua wala hayakumnyima chakula; alichotaka ni dunia yake isimame mpaka kisu kifike.

Akaioka, akaiviringa, akapitisha mwiko katikati ili isiyumbe. Bahari akazipaka krimu ya buluu, nchi kavu kijani, na ncha zote mbili akaziwekea barafu ya krimu nyeupe yenye vilele. Ilifika ukumbini nzima, wifi akiwa ameshika upande mmoja gizani mwake.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na madirisha yaliyoelekea jua, feni moja iliyozunguka kwa kulazimishwa, na watu waliobanana wakijipepea kwa ratiba. Keki iliwekwa mbele, chini ya taa kali za wapiga picha wawili. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Alikuwa njiani tangu asubuhi.

Mtaalamu wa tabianchi akaanza bila yeye. Alieleza vizuri, tusimwonee: moshi wa magari, viwanda na mitambo inayochoma mafuta na makaa ya mawe; misitu inayofyekwa; hewa zinazojazana angani na kuzuia joto lisitoke. Ndiyo maana, akasema, mvua zimekosa adabu, zinakuja zisipoitwa na zikiitwa hazitokei. Kisha akawauliza watu wao wanaelewaje. Mzee mmoja akasema ni roketi, zimetoboa mbingu. Mama mmoja akasema ni manukato ya vijana. Msusi akakubali kwamba joto limezidi, ila kosa ni la watu wa mtaa wa pili. Hao walipigiwa makofi kuliko mtaalamu.

Mama Keki hakusikia lolote. Macho yake yalikuwa kwenye barafu ya juu, ambayo ilikuwa imeanza kushuka, polepole, ikikatiza nchi za watu bila kuomba njia.

Akamwinamia mpiga picha. "Mwanangu, zima taa. Inayeyuka."

"Nizime mimi kwanza? Mbona yule ana taa kubwa kuliko yangu? Azime yeye, nami nitazima."

"Mimi nimewasha sasa hivi tu," yule wa pili akadakia. "Huyo anawaka tangu ukumbi haujafunguliwa."

Akaenda kuvuta mapazia. Waliokaa dirishani wakamjia juu kwamba wanataka hewa. Akamwendea katibu.

"Baba, ikatwe sasa hivi. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Itifaki, mama. Kisu ni cha mgeni rasmi. Lakini hoja yako tumeipokea, na tutaiundia kamati ndogo."

"Kamati ya nini, na bahari imefika ukingo wa sinia?"

Kweli ilikuwa imefika. Kijani kilishachanganyika na buluu, na tone la kwanza likaanguka kwenye kiatu cha mtaalamu, aliyeipa keki mgongo akionyesha picha ukutani.

"Samahani," akasema yule mzee wa roketi, "mbona dunia inavuja?"

"Maswali mwisho, mzee," katibu akamjibu.

Hapo Mama Keki akakimbilia nyuma ya ukumbi, alikomsimamisha wifi yake uso ukiwa ukutani. Akamgeuza.

"Ulikuwa unaiangalia?"

"Niiangalie na nini, wifi? Tangu tufike nasoma huu ukuta. Una ufa."

"Kwa hiyo si wewe."

"Miaka miwili nakwambia si mimi!"

Mama Keki akamvua ile miwani kwa mkono wake mwenyewe. Aliona aibu hasa. Mtu mzima kamfungia mwenzake gizani kwa sababu ya siagi, na mumewe alimwambia akakataa kusikia. "Nisamehe, wifi," akasema. "Sasa kimbia ulete sahani."

Alijua anachofanya, na alijua anachopoteza. Akapita mbele ya mtaalamu, akakwapua kisu chenye utepe.

"Maneno baadaye!" akapiga kelele. "Inayeyuka! Mwenye mkono na alete mkono!"

Ukumbi mzima ukasimama ukishangilia, wakidhani ndiyo sehemu tamu ya somo. Mtaalamu akapewa nchi kavu nzima nzima. Wapiga picha wakaziacha taa zao zikimulika meza, wakagombania bahari. Hata katibu alikuwa bado anasema itifaki, itifaki, huku shavu limemvimba kwa barafu ya kusini.

Sinia lilikuwa linarambwa mgeni rasmi alipoingia, jasho likimtiririka. Msafara wake mrefu wa magari ulikwama kwenye foleni, ukinguruma papo hapo. Akatazama meza, akatazama ratiba.

"Dunia iko wapi?" akauliza.

Katibu akajifuta mdomo, akamgusa Mama Keki kiwiko. "Sema ulikosea vipimo," akamnong'oneza. "Omba radhi tu, na kazi bado ni yako."

Niseme mapema msije mkanisumbua: kazi ile alipewa mwoka biskuti, kwa kuwa biskuti haziyeyuki na mwokaji wake hana mdomo. Mama Keki alilia jikoni siku hiyo, na wifi akalia naye, macho wazi. Lakini pale ukumbini, mikono ikiwa imejaa buluu mpaka viwiko, alimtazama mgeni rasmi usoni.

"Vipimo vyangu viko sawasawa, mheshimiwa," akasema. "Sisi tulikusubiri sana. Yenyewe ndiyo haikuweza."