Beseni Nililommwagia Baba Mkwe kwa Ajili ya Kisima

Mimi ndiye yule mliyesikia habari zake. Ndiye mimi, Somoe, niliyemmwagia baba mkwe wangu beseni zima la maji ya kunawia, mchana kweupe, barazani kwake, mbele ya mgeni kutoka wilayani na kamati yote ya kijiji, na kama mlisimuliwa kwamba nilimlenga yeye basi mlidanganywa, nilimlenga mtu mwingine kabisa. Aibu hiyo ninayo, sina pa kuiweka. Lakini nikifumba macho sioni kanzu iliyolowa, naona kiatu. Kiatu cheusi cha ngozi kinaoshwa kwa maji yangu, na mwenye kiatu anageuza mguu huku na huku ili maji yaingie vizuri pembeni mwa soli, na bado anaongea. Pale ndipo niliposhindwa. Subira yote niliyokuja nayo kwenye ndoa hii iliishia kwenye kile kiatu.

Kijiji chetu kiko huku pwani, ukitoka Lindi mjini kama unaelekea Kilwa, na visima tunavyo viwili tu. Kimoja kiko nyuma ya nyumba zetu, chumvi tupu, ukifua sabuni inagoma kutoa povu, na ukipika maharage unaweza kubeba mimba nyingine ukajifungua hayajaiva. Cha pili kiko Mkwajuni, kilimani kidogo, na hicho ndicho cha maji baridi (kwetu maji baridi ni yale yasiyo na chumvi, msidhani ya friji). Kijiji kizima kinakunywa pale. Binti yangu Sharifa ndiyo kwanza ameanza uji, na uji wake unatoka pale, maana siku niliyojitia uvivu nikampikia kwa maji ya nyuma aliharisha mpaka macho yakazama, nikambeba kwenda zahanati nikisema huyu sirudi naye. Kwa hiyo anayegusa kisima cha Mkwajuni amemgusa Sharifa. Lielewe hilo kwanza, halafu unihukumu.

Basi, tukatangaziwa mkutano wa kijiji wa mpango wa matumizi ya ardhi. Wapi pawe mashamba, wapi nyumba, wapi soko, wapi hoteli za watalii wanaosemwa kila mwaka kwamba wanakuja. Mkutano wa watu wote, ndivyo alivyotangaza mpiga mbiu, lakini ofisi ya kijiji upepo umeezua bati, kwa hiyo ukafanyikia barazani kwa mwenyekiti, na mwenyekiti ni baba mkwe wangu, Mzee Mfaume, na mgeni hawezi kuja kwa mwenyekiti akaondoka na njaa. Kwa hiyo wakati watu wote wanajadili ardhi, sisi wanawake tulikuwa uani tunakuna nazi. Nilisikia makofi mara kadhaa. Nikamuuliza wifi yangu Zuhura wanapigia nini makofi, akasema, "Maendeleo. Koroga mchuzi huo."

Wali ulipoiva ikabaki kunawisha. Sasa kwetu wageni wa kiume wananawishwa na mwanamume, kijana yeyote wa nyumbani, anapita na birika na beseni, kimya, anaanza na mgeni mkubwa. Mimi ni mke wa mtu, ni mkwe wa nyumba ile, nafasi yangu ni uani. Lakini ramani walikuwa wameitundika ukutani barazani, na njia pekee ya mwanamke kuifikia siku ile ilikuwa birika. Nikajifunga kanga vizuri, Sharifa mgongoni, nikalikwapua pamoja na beseni.

"We Somoe! Unakwenda wapi mbele ya mkweo?" Zuhura akanidaka mkono.

"Nataka kuiona ramani."

"Ramani inaliwa?"

Nikaenda. Uamuzi wenyewe mdogo hivyo, nilidhani nitachungulia, nitamwaga maji, nitarudi. (Ningejua, ningebaki na mwiko wangu.)

Wazee walikaa mkekani, baba mkwe katikati, kanzu nyeupe ya Ijumaa imepigwa pasi ya mkaa. Mgeni, afisa wa mipango, kijana tu mwenye shati la mikono mirefu, alikataa mkeka akapewa kiti ukingoni mwa baraza, viatu miguuni, vina tope la asubuhi walipokwenda kutembelea mipaka. Nikaanza kuwanawisha. Wananawa, wanapaka sabuni, maji ya povu yanajaa kwenye beseni, na mimi macho yako ukutani. Soko nikaliona. Stendi nikaiona (stendi! basi lenyewe linasimama kwa kuombwa). Mkwajuni sikuiona. Afisa nikamfikia mwisho, maana nilianza upande usiofaa, hata hilo nililikosea.

"Samahani, afisa," nikasema nikimmiminia. "Mkwajuni ni wapi hapo?"

Baba mkwe akakohoa. Kile kikohozi kilikuwa changu, kilimaanisha rudi jikoni.

Afisa hakuwa mkali. Akaonyesha kwa kidevu. "Pale, mama. Penye njano."

"Njano ndiyo nini?"

"Makazi mapya. Viwanja. Kijiji kinapanuka."

"Na kisima?"

"Kisima kipi?"

Jamani. Kisima kipi! Mtu amepanga kijiji kizima, amekipaka rangi, amekipa na stendi, na anauliza kisima kipi. Nikamweleza. Akasema kwenye ramani waliyoanzia hakikuwemo. Nikamuuliza hao watakaojenga pale vyoo watachimba wapi.

"Kila kiwanja na choo chake. Ndiyo utaratibu."

"Juu ya kisima?"

"Mama, mimi napanga ardhi. Maji ni idara nyingine. Watu wakishajenga, maji yatafuata."

Yatafuata! Kama mbuzi! Nikawatazama wazee, nikitegemea mmoja wao aseme neno, wote wanakunywa pale, wajukuu zao wanakunywa pale. Mmoja akawa anachunguza ukili wa mkeka. Baba mkwe alikuwa anautazama wali. Na wakati ule, ndugu zangu, afisa akainama akaona tope kwenye kiatu chake, akanyoosha mkono akanitoa birika mkononi kama anavyochukua cha kwao.

"Hebu lete hapa."

"Afisa, hayo ni maji ya kunywa."

"Kidogo tu, mama."

Akaosha kiatu. Yale maji niliyafuata Mkwajuni alfajiri, mtoto mgongoni, foleni ya ndoo mpaka njiani, na ndiyo yaliyokuwa yamebaki nyumbani pale, mengine yameingia kwenye wali na chai. Akamaliza kiatu cha kulia. Na sasa natamani niwaambie kwamba nilifikiri, kwamba nilihesabu, lakini sikufikiri kitu, nilisikia tu mikono yangu imelinyanyua beseni na mdomo wangu umesema, "Na haya nayo oshea!"

Nikalimwaga lote. Na afisa, Mungu amlaani au amjalie sijui, wakati uleule akainama kuosha kiatu cha kushoto.

Maji yakapita juu ya mgongo wake kama hayamjui. Yakampata Mzee Mfaume, aliyekuwa mkekani nyuma yake, usoni, ndevuni, kifuani, maji ya sabuni na uchafu wa mikono ya kamati nzima, kofia ikaondoka ikaangukia kwenye sinia la wali. Na Sharifa, mgongoni kwangu, akacheka. Kile kicheko chake kikubwa cha tumboni.

"Macho!" baba mkwe akapiga kelele. "Macho yangu! Leteni maji!"

Nikaligeukia birika. Tupu. Zuhura akakimbilia ndoo, nikasikia akiigonga kitako, nikajua. Akatokea mlangoni, mikono kichwani.

"Baba, maji hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Ameoshea kiatu."

Mtu akaleta ya kisima cha nyuma, akammwagia, na chumvi juu ya sabuni ndiyo ikawa balaa zaidi, mzee anazunguka amefumba macho anaita majina ya watu waliokufa. Mwisho mjumbe mmoja akakwapua dafu aliloandaliwa mgeni, akalikata, akamwosha mwenyekiti uso kwa dafu. Lilimsaidia macho, ila ndevu ziliganda zote upande mmoja, na inzi wakaanza kuja mmoja mmoja.

Afisa akasimama, mkavu kabisa. "Huyu mama ana matatizo ya akili?"

"Hana," Zuhura akasema. "Ana hasira tu."

Afisa akaivuta ramani yake ukutani, ya plastiki, matone yaliyoirukia yakateleza yote chini bila kuacha alama. Akaikunja akasema mwenye pingamizi alilete kwa maandishi na si kwa beseni, na watu wakacheka, hata wazee, na kicheko kile kiliniuma kuliko yote. Akaondoka bila kula.

Habari ikatembea. Mume wangu Shabani, yuko Mingoyo kwenye biashara ya korosho, akapiga simu kabla sijamaliza kuufua mkeka: "Umemfanya nini baba?" Mama yangu akapiga kutoka Njinjo analia, kwake beseni lilikwisha kuwa mchi, ananiuliza, "Mwanangu, umempiga mkweo mchi?" Nilipopita dukani akina mama wakanyamaza, halafu mmoja akasema afunike pipa lake kabla sijakasirika.

Baada ya magharibi nikaenda kuomba radhi. Nilipiga magoti mlangoni kama siku ya kwanza nilipoletwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikamwambia nimekosa, shetani alinipitia, sikumkusudia yeye. Akasema, "Najua hukunikusudia. Nimeswali na inzi, Somoe. Msikiti mzima umeniacha safuni peke yangu." Nikang'ata kanga nisicheke, naapa, na aibu yote ile. Halafu nikasema, "Lakini baba, kisima. Usiisaini ile ramani."

Akageuza uso.

"Nimeshasaini. Nilisaini kabla ya chakula."

Hapo ndipo mshituko wenyewe uliponipata, ule wa mchana ulikuwa mchezo. Mtu aliyezaliwa pale, aliyenyweshwa maji yale, amesaini. Nikamuuliza kwa nini, akasema walimwambia kijiji kisipokuwa na mpango hakipati kitu, na yeye hakuona kwamba kisima hakimo, rangi zilikuwa nyingi. Mwisho akasema kwa ukali, "Kama una maneno, yapeleke kwao. Usiyamwage tena nyumbani kwangu." Sijui alikuwa ananifukuza au ananituma. Mimi nikachukua ni kutumwa.

Nimeapa, na Zuhura shahidi, kwamba kunawisha wageni mimi basi, hata siku ya arusi ya Sharifa watanawishana wenyewe, na beseni likiwa na maji nitalishika kwa kuliweka chini tu. Kuuliza sikuapa.

Nikapanda basi na barua yangu hadi ofisi za wilaya. Mapokezi wakaona neno maji wakanipeleka idara ya maji, idara ya maji wakaona neno ramani wakanirudisha ardhi, ardhi wakasema mwenyekiti wenu keshasaini, wewe nani? Nikaketi sakafuni kwenye ukumbi wao mlangoni kabisa, nikamtoa Sharifa nikamnyonyesha, kila anayetaka kupita aniombe njia. Kabla hajashiba, muhuri wa kuipokea barua ukagongwa. Nilichowaandikia ndicho hiki:

*YAH: PINGAMIZI DHIDI YA MPANGO WA ARDHI YA KIJIJI CHETU*

*Husika na somo hapo juu. Mimi ni mkazi wa kijiji na mama wa mtoto mmoja. Ndimi niliyemwaga maji siku ya mkutano, na kwa hilo nimeomba radhi kwa niliyemkosea. Napinga mpango kwa kuwa umeweka viwanja na vyoo juu ya kisima cha Mkwajuni, ambacho ndicho pekee chenye maji ya kunywa, na hauonyeshi popote watu waliopo na watakaokuja watapata wapi maji. Naomba usipitishwe mpaka kisima kichorwe, eneo lake liachwe wazi bila kujengwa, na kila penye viwanja vipya iandikwe maji yake yanatoka chanzo gani.*

*Naomba pia mkutano urudiwe, kwa sababu ule wa kwanza wanawake wa kijiji tulikuwa jikoni tukiwapikia. Nawataarifu mapema kwamba siku hiyo hakuna atakayepika.*